Boriti Iliyobanwa Ncha Mbili

Msinione nacheka sasa. Mimi nilifungiwa chumbani kama kuku anayeatamia, na umri wangu ule ni wa kuolewa na hata kuachika, na aliyenifungia ni mama yangu mzazi, kwa kufuli alilolichagua dukani kwa mkono wake. Majirani wote walijua. Wengine walimpongeza.

Sababu ilikuwa somo moja. Chuoni liliandikwa kwa jina refu la mitambo na sayansi ya vyuma, sisi wanafunzi tukaliita Vyuma, basi. Maswali yake ni ya mwanzo kabisa, ya watoto, wahadhiri wanakwambia. Ngazi imeegemea ukuta, itateleza lini? Bolti ya unene huu ikivutwa kwa nguvu hii, itakatika au itavumilia? Boriti imebanwa ncha zote mbili, umeiwekea mzigo katikati, itapinda lini na isirudi tena? Mimi maswali hayo ya watoto yaliniangusha mara mbili. Na sheria ya chuo haina simile, ukianguka ya tatu unafungasha virago. Ukifaulu, mwaka wa pili unasomwa mji mwingine, penye karakana kubwa, na unalala bwenini. Bweni lina kitanda cha juu na cha chini, kelele usiku kucha, na ufunguo unaokaa mfukoni mwako wewe. Cheti nilikitaka, sikatai. Lakini bweni nililililia.

Na si kwamba nilikuwa mjinga, mniwie radhi. Ugonjwa wangu ulikuwa yuniti. Naanza hesabu na milimita, katikati naghafilika, namaliza na mita. Kwenye mtihani wa kwanza nilipata kwamba fundi mmoja mwembamba aliyesimama juu ya ngazi anaikandamiza ardhi kama treni ya mizigo, nikalipigia jibu mistari miwili kwa furaha. Mhadhiri wetu, mzee mfupi mwenye miwani ya kuning'inia, aliandika pembeni maneno anayomwandikia kila mtu: Jibu limefanana na dunia? Ndiyo maana tukambatiza Fanana.

Sasa kufuli lilikujaje. Kaka yangu alinitangulia chuo kile kile, somo lile lile. Asubuhi ya mtihani wake alimwambia Mama anatoka kidogo kununua kalamu. Mpaka leo. Tulikuja kusikia yuko mbali, anauza rangi za nyumba, mzima wa afya, na wala hana neno na mtu. Akipiga simu anazungumza na mimi, Mama anajifanya anatafuta kitu jikoni. Tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna mtu anayetoka kununua kalamu. Mama huzinunua kwa boksi, na zikibaki chache anaongeza boksi jingine. Baba tulishamzika zamani, kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa wawili, mimi na yeye, na makalamu.

Nilipoanguka mara ya pili hakunigombeza. Alikwenda kumwita Mjomba, mdogo wake, mchomeleaji wa milango na madirisha. Mjomba alikuja na nondo zake, akaniwekea dirishani mpya mahali pa zile zilizooza kwa kutu, akazichomelea kwenye vyuma bapa, akapaka rangi nyeusi. Alipomaliza alizipiga kwa kiganja, akasema hapa hata shetani atabisha hodi mlangoni. Kisha akafunga komeo na pete nje ya mlango wangu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, Mama aliniwekea chakula, jagi na ndoo ya maji, akachukua simu yangu, akafunga. Mchana alirudi mara moja kunifungulia ninyooshe miguu, akafunga tena. Hakuwa katili, jamani. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na ufunguo.

Nilimpenda na nilimchukia, yote kwa pamoja, katika kiti kile kile. Mtu akikupiga unajua la kufanya. Lakini mtu anayekufunga huku anakuuliza kama mboga imekolea chumvi, utamfanyaje?

Nilijaribu ujanja. Barazani kwa jirani, karibu na dirisha langu, kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo wa maneno na moyo wa huruma. Siku moja nilimpigia kelele kwamba nimeona nyoka chini ya kitanda. Masikini, aliacha gauni la watu kwenye sindano, akakimbia mpaka hospitalini, akamleta Mama akihema. Nyoka hakuwepo. Nilitaka upepo tu. Toka hapo fundi aliapa, na Mama akamwapisha mara ya pili, kwamba nikiita asiitike. Nikisema nimekufa, aniambie nisome. Na hivyo ndivyo alivyokuwa akinijibu: "Soma, Injinia, soma." Cherehani yake haikukosa hata mshono.

Basi siku ya mtihani ikafika. Mama aliingia chumbani mapema, mimi nasuka nywele mbele ya kioo. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu, sauti ikamkatika katikati, akaendelea. Akanirudishia kitambulisho cha chuo alichokuwa akinifichia. Simu alisahau, nami sikutaka kumkumbusha, nikaona nitamchefua bure siku njema. Akasema, "Nenda mwanangu. Leo ndiyo leo." Akatoka, akarudisha mlango. Nikasikia kile kimlio, ka!

Nilishakisikia asubuhi nyingi mno, kwa hiyo sikukisikia. Nilimaliza nywele, nikavaa gauni la bluu, nikapanga rula na kikokotozi, nikanywa chai yangu bila haraka kama bibi harusi. Niliposhika kitasa mlango haukuja. Nikavuta tena. Nikajua.

Nilipiga mlango mpaka viganja vikawaka moto. Gari la wafanyakazi wa hospitali lilikuwa limeshamchukua kwenye kona. Bawaba ziko nje, mbao ni ngumu, komeo ni la Mjomba. Nikakimbilia dirishani, nikamwita fundi cherehani kwa jina la mama yake na la baba yake. Nikamweleza, leo ni mtihani, Mama amefunga kwa kusahau, nakuapia kwa Mungu. Akajibu bila kuinua kichwa, "Na nyoka je, naye ana mtihani?" Kisha, "Soma, Injinia." Nilimtukana. Sikuwahi kumtukana mtu mzima maishani mwangu, na siku ile nilimtukana vizuri. Akaongeza mwendo wa cherehani asinisikie.

Nikakaa chini sakafuni. Nilijua saa inakwenda, na nilijua chuo wanavyofanya, nusu saa baada ya kuanza wanafunga mlango wa ukumbi na hawamwingizi hata mkuu wa chuo. Nilishaona picha nzima. Nitarudishwa nyumbani jumla. Nitazeekea kwenye chumba hiki, Mama ataendelea kufunga kwa mazoea, na siku moja mmoja wetu atakufa na mwingine hatajua afanye nini na kufuli.

Macho yangu yakawa kwenye nondo. Kila moja imesimama wima, imechomelewa juu kwenye chuma bapa na chini kwenye chuma bapa. Nimezitazama miezi, nikihesabu boriti za vitabuni, na sikuwahi kuziona. Boriti iliyobanwa ncha zote mbili. Mzigo katikati. Itapinda lini na isirudi?

Mtu mwenye akili zake angepiga teke. Mimi nilichukua karatasi. Nikapima unene wa nondo kwa rula, milimita kumi na mbili. Nikapima urefu wake kati ya bapa na bapa, sentimita sitini. Uimara wa chuma laini kama kile nilikuwa naukariri hata usingizini. Nikachora mchoro, nikakokotoa, nikapata jibu. Tani tisini na sita.

Tani tisini na sita ni malori ya saruji, tena kadhaa, yamelaliana. Kalamu ikaniponyoka. Hapo ndipo nilipolia kweli, kwa kwikwi, nimelaza shavu kwenye saruji baridi. Mjomba alisema kweli, hata shetani hatoki. Nilikuwa nimejihakikishia kifungo changu mwenyewe, kwa fomula.

Sijui nililala pale kiasi gani. Nililoliona kwanza nilipofumbua macho ni nondo zile kwa chini, kwa upande, na zilionekana nyembamba. Unene wa kidole changu cha mwisho, basi. Nikakumbuka siku Mjomba alipozileta, alikuja na baiskeli, zote amezibana kwapani kwa mkono mmoja, mkono mwingine anakula muhogo. Vitu vya kubebwa kwapani vishinde malori? Nikasikia sauti ya kizee na miwani ya kuning'inia: jibu limefanana na dunia?

Nikarudia hesabu. Momenti, yaani ile nguvu ya kupinda, niliipata kwa milimita, nikaigawanya kwa urefu wa mita. Ugonjwa wangu ule ule, mchawi wangu yule yule. Nikazifanya zote mita, jibu likashuka mpaka kilo tisini na sita. Uzito wa Mjomba akishashiba! Nilicheka peke yangu mle ndani na machozi hayajakauka, na nina hakika fundi cherehani alidhani nimerukwa na akili.

Lakini kilo tisini na sita mimi sina. Mimi na gauni na rula hatufiki sitini. Nilikaa kwenye meza, nikaweka miguu yote miwili kwenye nondo, nikasukuma mpaka nikaona nyota. Ilinepa kidogo. Nilipoachia, ikarudi pale pale kama hakuna lililotokea. Ndivyo chuma kilivyo. Ukikionea haya kinakurudishia, lazima ukipitishe mahali ambapo kimechoka kurudi.

Ndipo nilipolitazama shuka langu. Lilikuwa la hospitali, la pamba nene, lile Mama huruhusiwa kulichukua likishachakaa. Mama kazi yake ni kufua mashuka ya wagonjwa, na mashine ya kukamulia ikiharibika, na kila mara imeharibika, wanakamua kwa mti. Unalizungusha shuka kwenye nguzo, unapitisha mti katikati, unasokota. Alinifundisha nikiwa mdogo, uani kwetu, akicheka. Aliniambia shuka likilowa ni mnyama, ukilisokota na mti hata nguzo inakuja.

Nikalitumbukiza shuka kwenye ndoo. Nikalizungusha kwenye nondo mbili zinazopakana, nikafunga fundo, nikapitisha rula yangu kubwa ya kuchorea, ile ya mbao yenye umbo la msalaba bila kichwa. Nikasokota mara tatu, rula ikavunjika vipande viwili. Sikuwa na muda wa kuiombolezea. Nikalaza stuli, nikaukalia mguu mmoja mpaka ukang'oka, nikaupitisha huo. Nikasokota. Maji yalimiminika ukutani. Shuka likaanza kulia, sauti ile ile niliyoijua toka utotoni. Mikono ilichubuka, nikasokota. Rangi ya Mjomba ilipasuka kwanza, ikadondoka vipande vidogo vidogo, kisha nondo zikaanza kusogeleana taratibu kama watu waliogombana wakipatanishwa. Nilipoufungua mguu wa stuli zilibaki hivyo hivyo. Hazikurudi.

Nikahamia mbili za upande wa pili, nikazisogeza nazo kwao. Katikati pakabaki tundu. Nilitupa nje kikokotozi, kitambulisho na makalamu manne, hatukosi makalamu sisi, nikapitisha kichwa kwa upande, bega, nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo, nikavuta kifua. Nyonga ziligoma. Nilining'inia pale, nusu ndani nusu nje, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kuliko chumbani. Kisha gauni likachanika toka kiunoni mpaka pindo, nami nikaanguka kichwakichwa uchochoroni.

Fundi cherehani alikuwa amesimama, pini mdomoni. Akatazama dirisha, akanitazama. "Kumbe kweli," alisema, na pini zikamdondoka. Hakuomba msamaha wala sikumdai, hapakuwa na nafasi. Alichukua kitambaa cha pazia cha mteja, cha maua makubwa, akanifunga kiunoni mwenyewe, akanisukuma mgongoni niende.

Nilikimbia. Nilipofika ukumbini Fanana ameshashika kitasa. Alinitazama, maua ya pazia, kutu mikononi, damu kwenye goti, nywele nusu zimesukwa nusu zimefumuka. Angeweza kuuliza. Akaufungua mlango zaidi na kusema, "Kaa. Na uandike yuniti."

Akaufunga nyuma yangu. Nikakaa, nikageuza karatasi, na sikuona kitu. Maandishi yalikuwa yanaogelea. Nilikuwa nasikiliza mlango. Nilinyoosha mkono, sauti ikanitoka ndogo kama ya mtoto, nikaomba mlango uachwe wazi. Wenzangu waligeuka. Fanana alifikiri, akaenda akauegesha kwa boksi la chaki. Nikaanza kuandika. Kila jibu nililiuliza kama limefanana na dunia.

Nilirudi nyumbani jioni mapema. Njiani nilijiandalia maneno, na yalikuwa makali, niliyanoa toka chuoni mpaka mlangoni kwetu. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda kisicho na shuka, na sare ya kazi, shuka lenyewe limemlowesha mapajani. Kufuli lilikuwa mkononi mwake. Alirudi mchana kama kawaida yake, akatia ufunguo kabla ya kufikiri, na kufuli lilipofunguka ndipo alipofahamu kwamba lilikuwa limefungwa.

Aliinua uso. Sijawahi kuona uso wa mama yangu ukiwa vile, hata siku ya msiba.

"Umerudi," alisema.

Maneno yangu yote makali yakaniishia. Mtihani hakuuliza. Mtu aliyeuliza mtihani asubuhi na jioni, siku ile hakuuliza. Nilikaa karibu naye, nikamwambia niliwahi. Nikamwambia najua alisahau, ni mazoea ya mkono, yasimsumbue.

Akasema polepole, kama anayetafuta ufunguo gizani, "Nimekaa hapa toka mchana najiuliza kama nilisahau. Mdomo ulikuaga, mwanangu. Mkono haukutaka uende."

Nililia mimi, akalia yeye. Nilikuwa na hasira bado, msidhani iliisha. Ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa.

Mjomba aliletwa kutazama uharibifu. Alizunguka dirisha, akanitazama mikono, akashika kiuno. Akasema chuma kilichopita hapo hakinyooshwi kikawa kile cha kwanza, dawa yake ni kukata na kuchomelea mpya. Mama akamwambia aache hivyo hivyo.

Matokeo yalitoka. Nilifaulu, si kwa mbwembwe, ila nilifaulu, na pembeni mwa swali la ngazi Fanana aliandika: Limefanana.

Siku ya kuondoka fundi cherehani alinishonea gauni la bluu upya, akakataa malipo. Nilipokuwa nabeba sanduku, Mama aliingia chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti changu, mezani pangu, akiwa ameshika kufuli. Akanyoosha mkono kunipa.

"Nifunge," alisema. "Mpaka gari liondoke. Nikibaki nje nitakuzuia."

Nilidhani ni utani, nikamtazama, haikuwa utani. Nikalipokea kufuli. Nikatoka, nikarudisha mlango, nikalitundika kwenye pete bila kulifunga hata kidogo, wala komeo sikulisukuma. Nikapita uchochoroni. Kwenye lile tundu la nondo mkono wake ulikuwa umetoka mpaka kwenye kiwiko, ule mkono wa kulia. Niliushika. Tulikaa hivyo, kisha ukaniachia wenyewe.

Mjomba alinipigia nilipofika bwenini. Alikuta kufuli linaning'inia na mlango umerudishwa tu. Mama alikuwa bado amekaa pale kwenye kiti. Hakuwa amejaribu kuusukuma.